Injini Kubwa kwenye Pikipiki ya Zamani: Kupanda Sawa, na Kushuka Je?

Mwezi uliopita ukurasa huu ulihusu minyoo ya watoto. Mwezi huu msomaji atashangaa kukuta tunaongea juu ya injini ya pikipiki, na pengine atajiuliza kama tumepotea njia. Hatukupotea. Aliyetuleta huku ni mama mmoja wa kijiji kilicho juu ya Mgeta, ambaye alimleta zahanati mtoto wake wa miaka 5 akiwa ameungua shavu la mguu wa kulia, upande wa ndani. Kidonda kilikuwa cha siku 4 na kilikuwa kimepakwa dawa ya meno. Wakati kinasafishwa, mama akaeleza kwamba mtoto alichomwa na ekzosi ya pikipiki ya kaka yake alipokuwa akishuka. Kisha akaongeza: "Na huyo kaka yake sasa anataka injini kubwa zaidi. Anataka niuze mbuzi wawili. Nyie watu wa afya mnasemaje?"

Juu ya kidonda tulikuwa na jibu. Juu ya injini hatukuwa nalo. Basi ilitubidi kwenda kuwauliza mafundi wa mjini Morogoro, kusoma kidogo, na kupiga hesabu. Tuliyoyapata tunawaletea hapa, maana tunajua mama huyo si peke yake. Katika familia nyingi za milimani kuna kijana mwenye pikipiki, na kuna mzazi au mjomba anayeombwa fedha.

Kwa nini kijana anataka injini nyingine

Tusianze kwa kumlaumu kijana. Anayeifahamu njia ya Mgeta anajua shida yake. Ukitoka Morogoro kwa barabara ya Iringa, ukapinda kwenda Mzumbe na kuipita Mlali, barabara inaanza kupanda na haimalizi kupanda. Mji wa Morogoro uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari. Nyandira iko zaidi ya mita 1,500. Huko ndiko zinakotoka kabichi, karoti, njegere na viazi vinavyoliwa mjini na Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya mzigo huo hutoka shambani hadi kwenye lori kwa kichwa cha mama au kwa kiti cha pikipiki. Upande wa pili wa mlima, njia ya Bigwa kwenda Kiroka, Mkuyuni na Matombo, hali ni hiyo hiyo, ila mzigo ni ndizi na mananasi.

Pikipiki yenye injini ya 125 iliyokwisha kutembea miaka 6 au 7 katika njia kama hizo huchoka. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mlima wenyewe unaipunguzia nguvu. Kila tunapopanda mita 1,000, hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 10, na injini ya kabureta hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho, kwa kuwa inavuta hewa nyembamba. Kijana anaposema "inakufa mlimani" hasemi uongo.

Kubadilisha nako kumekuwa rahisi mno. Pikipiki nyingi za Kichina tunazoziona vijiweni zina injini zilizoigwa kutoka kwa Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 na ambayo ilikusudiwa kwa nchi ambako pikipiki hubebeshwa mzigo mkubwa na kuhudumiwa kidogo. Viwanda vya China viliendeleza muundo huo vikatoa ya 150 na ya 200, na mara nyingi injini hizo hukaa kwenye matundu yale yale ya bolti. Fundi anafungua ya zamani asubuhi, na kabla ya jioni mpya inanguruma. Kwa pikipiki zisizo za ukoo huo kazi ni kubwa zaidi: hapana budi kukata fremu na kuchomelea vishikio vipya, na hapo hatari inaongezeka, kama tutakavyoona.

Kinachobaki cha zamani

Hili ndilo jambo ambalo tungependa kila mzazi alielewe kabla ya kutoa fedha. Injini ikibadilishwa, kilichobadilika ni injini tu. Breki ni zile zile. Fremu ni ile ile, na spoku za rimu, tairi, shokapu na cheni ni zile zile zilizotengenezwa kwa nguvu ya farasi 10 au 11, na ambazo nazo zimechakaa. Injini ya 200 huweza kutoa nguvu ya farasi 14 au zaidi. Ni sawa na mzee wa miaka 70 aliyepewa moyo wa kijana, huku magoti yakibaki yale yale.

Ndani ya gurudumu la nyuma, na katika pikipiki nyingi la mbele pia, kuna ngoma ya breki yenye kipenyo cha sentimita 11 hadi 13, yaani kiasi cha bakuli la uji. Ndani yake mna mapande mawili yenye umbo la mwezi mchanga yanayojisugua kwenye ngoma. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, haina kazi nyingine. Na mwendo una tabia mbaya: ukiuongeza kidogo, kazi ya breki inaongezeka sana. Pikipiki iliyokuwa ikienda kilomita 40 kwa saa ikienda 60, watu wengi wataona mwendo umeongezeka kwa nusu tu. Kumbe nguvu ambayo breki inapaswa kuimeza ni zaidi ya mara mbili, na pikipiki inahitaji nafasi zaidi ya mara mbili ili isimame baada ya breki kushika. Hapo bado hatujahesabu ile sekunde moja ya dereva kushtuka. Kwa mwendo wa 40 anakuwa ameshapita mita 11 kabla hajafanya chochote. Kwa 60 ni karibu mita 17. Mtoto aliyekimbilia mpira barabarani yuko ndani ya mita hizo.

Hesabu ya mteremko

Vijana hutuambia, "Mimi sikimbii, nataka ipande tu." Tuwasadiki. Lakini kila kilichopanda Nyandira kitashuka, na injini yenye nguvu itapandisha na kushusha mzigo mkubwa zaidi. Palipokuwa na gunia moja yatawekwa mawili, na palipokaa abiria mmoja patakuwa na mshikaki.

Tulipiga hesabu moja ambayo ilitushangaza sisi wenyewe. Chukua pikipiki ya kilo 115, dereva wa kilo 65, abiria wa kilo 65 na mzigo wa kilo 55. Jumla ni kilo 300. Zishushe mita 1,000, kama kutoka juu Nyandira hadi tambarare ya Mlali. Nguvu inayotoka katika kushuka huko inatosha kuchemsha sufuria ya maji ya lita 8 toka ubaridi hadi yatokote. Joto hilo ni lazima liende mahali. Sehemu inachukuliwa na upepo na msuguano wa njia, sehemu inazuiwa na injini kama gia ndogo imewekwa, na sehemu iliyobaki inaingia katika yale mabakuli mawili ya uji. Breki ya ngoma ikishapata moto sana huacha kushika. Dereva anakanyaga, kanyagio linakubali, pikipiki haipungui mwendo. Kabla ya hapo huwa kuna dalili: harufu ya kitu kinachoungua, na kanyagio linalozidi kwenda chini. Ukiipata dalili hiyo, simama ukiwa bado unaweza, mshushe abiria, na uache ngoma zipoe zenyewe kwa nusu saa. Usimwagie maji. Ngoma ya moto ikimwagiwa maji huweza kupasuka, na ikiloa haishiki. Hata mvua ya masika na vijito vya njiani vyatosha kuinyima nguvu mpaka ikauke.

Hapa yafaa kusema juu ya desturi moja mbaya, ya kushuka mlima huku gia imeachiwa au injini imezimwa ili kuokoa petroli. Anayefanya hivyo amekataa msaada wa injini na kuiachia breki kazi yote. Lita moja iliyookolewa kwa njia hiyo ni ghali mno. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia.

Mwenye busara atauliza: je, injini kubwa haizuii vizuri zaidi wakati wa kushuka? Ni kweli, ikiwa kwenye gia ile ile huzuia zaidi kidogo. Tatizo ni kwamba mafundi wengi wakifunga injini kubwa hubadilisha pia spoketi ili pikipiki ipate mwendo wa barabara ya lami, na faida hiyo inapotea yote.

Spoketi kwanza

Spoketi ni yale magurudumu mawili yenye meno yanayokamata cheni, dogo mbele na kubwa nyuma. Humo tuliona jibu la mama yetu. Pikipiki yenye meno 15 mbele na 42 nyuma, ukiiwekea ya meno 14 mbele, inapata uvutaji zaidi kwa asilimia 7. Ukiweka 14 mbele na 45 nyuma, uvutaji unaongezeka kwa karibu asilimia 15. Hilo linakaribiana na kile ambacho wengi wanakipata kwa kutoka 125 kwenda 150, kwa sehemu ndogo sana ya gharama. Utakachopoteza ni mwendo wa juu, na mlimani nani anauhitaji? Zaidi ya hayo, spoketi hizo husaidia pande zote mbili. Kwa kiasi kile kile zinachoongeza kuvuta wakati wa kupanda, ndivyo zinavyoisaidia injini kuzuia wakati wa kushuka.

Jambo la pili ni kuitibu injini iliyopo. Injini ya miaka 7 inayotoa moshi wa bluu na kunywa oili, ringi zake za pistoni zimekwisha, na klachi yake huenda inateleza. Ikifunguliwa, ikawekewa ringi au pistoni mpya, ikasafishwa kabureta na kupangwa valvu, mara nyingi kijana atashangaa kukuta nguvu aliyokuwa anaitafuta dukani ilikuwa humo humo. Ni kama mgonjwa mwenye upungufu wa damu: hatumbadilishii miguu, tunatafuta kilichoimaliza damu.

Kama mmekwisha amua

Tunajua wengine watabadilisha hata hivyo, na wengine walikwisha badilisha zamani. Kwa hao tunashauri fedha ya breki itengwe kabla ya fedha ya injini: mapande mapya ya breki mbele na nyuma, na ngoma ikaguliwe kama haijaliwa. Cheni na spoketi zote mbili zibadilishwe pamoja, kwa kuwa cheni ya zamani ikikatika kwenye mwendo huweza kuufunga mguu wa dereva au gurudumu lenyewe. Fremu ioshwe, kisha itazamwe kwa tochi kwenye vishikio vya injini na shingoni, pale usukani unapoingia. Ufa huanza kama mstari mwembamba wa kutu unaopasua rangi. Palipokatwa na kuchomelewa patazamwe kila mwezi, si kila mwaka. Mtetemo wa injini ambayo haikukaa sawa hula bolti na hula pia mwili wa dereva. Kijana anayelala akiwa na ganzi vidoleni, au anayelalamika mgongo kila jioni, asipewe dawa za maumivu tu; ikaguliwe na pikipiki yake.

Kuna na suala la kadi. Kadi ya pikipiki inaonyesha namba ya injini na ujazo wake. Injini ikibadilika bila mabadiliko hayo kuandikishwa Mamlaka ya Mapato, kadi haisemi tena ukweli, na siku ya ajali kampuni ya bima itakuwa na sababu ya kuuliza maswali. Dai risiti ya injini. Injini isiyo na risiti huenda ilitoka kwenye pikipiki ya mtu mwingine kama nyie.

Petroli na ekzosi nyumbani

Injini kubwa hunywa zaidi, na huko juu vituo vya mafuta ni vya kutafuta. Kwa hiyo petroli hukaa nyumbani, na mara nyingi ndani ya chupa za maji au za soda. Mtoto mdogo haisomi chupa, anaona kinywaji. Petroli iwekwe kwenye dumu lenye kifuniko, mbali na jiko, juu pasipofikiwa na mtoto, na isiwekwe kamwe katika chupa ya kinywaji. Mtoto akinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa ili atapike, maana petroli ikirudi juu huingia mapafuni, na huko ndiko inakoua. Mpeleke hospitali mara moja, hasa akikohoa au akipumua kwa shida. Onyo hilo hilo ni la mafundi wanaovuta petroli kwa mdomo kwa mpira wanapofungua tangi. Wengi wamekwisha kohoa siku nzima na kuona ni jambo la kazi. Si jambo la kazi.

Juu ya moto wa petroli, sisi wa Morogoro hatuhitaji maelezo marefu. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka, na miongoni mwao walikuwamo madereva wa bodaboda waliokwenda kuchota.

Tukirudi kwa mguu wa yule mtoto: injini mpya mara nyingi huja na ekzosi yake, na ile bati ya kukinga joto huachwa gereji kwa kuwa haikukaa vizuri. Idai. Mtoto afundishwe kupanda na kushukia upande wa kushoto. Akiungua, weka mguu chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka, au umwagie kwa kikombe, kwa dakika 20, na ufanye hivyo papo hapo. Usipake dawa ya meno, wala mafuta ya kula, majivu au asali. Malengelenge yasipasuliwe. Funika kwa kitambaa safi na umlete zahanati, akiwa na kadi yake ya chanjo ili ijulikane kama amekingwa na pepopunda.

Ikitokea ajali

Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 duniani katika mwaka 2021, na kwamba ndizo sababu ya kwanza ya vifo kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Kofia ngumu iliyofungwa kidevuni hupunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Haya yamepatikana kwa kulinganisha uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali. Kofia inayoning'inia kwenye kioo cha pikipiki haimo katika hesabu hiyo, wala ya dereva pekee wakati mama aliye nyuma yake ana kilemba.

Mtu akianguka, asinyanyuliwe kwa haraka na kubanwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine, kama tulivyozoea kuona. Shingo iliyovunjika humalizwa na safari hiyo. Afadhali kitanda au ubao na watu wa kubeba hadi lilipo gari. Mfupa uliotoboa ngozi ufunikwe kwa kitambaa safi, mguu ufungwe kwenye fimbo zilizonyooka, na apelekwe hospitali siku ile ile. Wataalamu wa jadi wa kuunga mifupa tunawaheshimu, lakini mfupa wenye kidonda si kazi yao. Aliyegonga kichwa akaonekana mzima, kisha akaanza kutapika, kusinzia sana, kuongea ovyo au kutokwa na maji au damu sikioni, asiachwe alale "apumzike". Kwa majeruhi wengi safari hiyo huishia Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, na familia huanza kuuza mashamba.

Yule mama tulimweleza haya kwa kifupi alipomrudisha mtoto kubadilishiwa bandeji. Akaenda akamwita kaka yake, kama ilivyo desturi ya Waluguru, maana mjomba ana neno katika mambo ya wapwa zake. Mjomba hakubishana juu ya injini. Alimwambia kijana aipeleke pikipiki kwenye kinjia cha mteremko nyuma ya nyumba, injini ikiwa imezimwa, akanyage breki ya nyuma kwa nguvu zake zote, kisha yeye akaisukuma kwa mkono mmoja. Ikatembea. Akamwambia abane ya mbele. Ikatembea nayo.

Akauzwa mbuzi mmoja badala ya wawili. Fedha yake ilinunua mapande ya breki ya magurudumu yote mawili, spoketi na cheni, ringi za pistoni, bati ya ekzosi na kofia mbili. Kijana amekiri kwamba sasa inapanda na gunia bila kuzimika. Ila bado anaitaka ile 200, na mjomba amemwambia watazungumza tena njegere zikishauzwa.